Ufuo Mmoja, Giza Moja

Ndugu zangu wenye nyumba, hoteli na viwanja ufukweni, kuanzia Watamu hadi Diani, nawaomba tuziangalie upya taa zetu za nje.

Kasa jike hupanda ufuoni usiku, hufukia mayai mia moja au zaidi mchangani, kisha hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto huchomoza, kwa kawaida usiku, na kinachowaonyesha njia ni mwanga. Tangu zamani upande wa maji ulikuwa mweupe kuliko upande wa miti, wakaufuata. Siku hizi upande unaong'aa zaidi ni baraza zetu. Basi wanatambaa kuelekea getini, wanahangaika majanini na barabarani, na kukipambazuka waliosalia hukaushwa na jua au huliwa na kunguru. Hata mama mtu, akikuta ufuo unawaka, mara nyingi hugeuka bila kutaga.

Hakuna anayeweza kulizuia hili peke yake. Ukizima zako, na jirani anamulika hadi mawimbini, giza lako halimsaidii kasa. Ndiyo maana nasema tukubaliane ufuo mzima, kupitia vyama vya wakazi na vikundi vya wavuvi.

Anayejenga sasa ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Mwambie mchora ramani na fundi umeme kwamba taa zisitazame bahari, zikae chini, na zifunikwe ili mwanga uangukie njia tu. Dukani soma boksi: acha balbu nyeupe za 6500K, chukua 2700K au pungufu. Upande wa ufuo weka za rangi ya chungwa au nyekundu, kwa kuwa weupe na buluu ndivyo vinavyowavuta kasa zaidi.

Na wezi je? Taa kali humpiga mlinzi machoni asione kilicho gizani nyuma ya taa hiyo. Taa ndogo ya sensa, inayowaka mtu anapopita, humshtua mwizi na kupunguza bili.

Kaunti za Kilifi na Kwale nazo zidai mpango wa taa za nje kabla ya kupitisha ramani yoyote ya ufukweni.

Leo usiku, shuka mpaka majini kukiwa kumekupwa, geuka utazame kwako. Kila balbu unayoiona kwa macho ni ya kufunikwa au kugeuzwa. Kisha mwite jirani aje aone za kwake.