Kabla Hujawashia Jiko



Jioni moja niliwasha jiko kwa karatasi niliyoikuta mezani. Kumbe ulikuwa mchoro wa binti yangu: mimi nikiwa na sare yangu ya uuguzi. Hakulia, ila aliacha kuchora kwa wiki nyingi. Nilimwomba radhi.

Siku hizi tuna boksi moja juu ya kabati, mbali na unyevu na mchwa. Nyuma ya kila mchoro naandika jina na tarehe. Muhula ukiisha, mtoto mwenyewe huchagua mitano ya kuhifadhi. Mingine tunafunikia madaftari, au tunaikunja kuwa kadi ambazo kikundi chetu cha kanisani huwapelekea wagonjwa wodini.

Mama, karatasi ya mtoto igeuze kwanza, kisha muulize mwenyewe.