Nani atamlisha mvuvi akingoja samaki wakue?

MNUNUZI wa samaki katika soko la City Park, mtaani Parklands, huuliza mambo mawili: bei ya kilo na iwapo samaki ni wa leo. Ni nadra kumsikia akiuliza iwapo tafi aliyelazwa mbele yake alinaswa kwa juya, kwa lema au kwa mshipi. Hata hivyo, swali hilo lisiloulizwa Nairobi ndilo lililomshughulisha mwanasayansi Tim McClanahan, wa shirika la Wildlife Conservation Society (WCS), katika miamba ya Pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980.

Mojawapo ya matokeo yake ya mapema lilihusu viumbe ambao hawafiki sokoni. Katika miamba iliyovuliwa kupita kiasi, wale viumbe duara wenye miiba ambao hukwangua mwamba wakitafuta mwani walikuwa wamejaa tele. Katika mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, walikuwa wachache. Sababu kuu ilikuwa kikande, samaki mwenye meno magumu anayewavunja na kuwala. Kikande akivuliwa hadi akaadimika, viumbe hao huongezeka, mwamba hukwanguliwa, na samaki walao mwani hupata mshindani mkali. Kwa hivyo mvuvi aweza kupoteza samaki ambao wavu wake haukuwagusa.

Dawa inajulikana: funga eneo, samaki warudi. Tatizo ni muda. Utafiti ambao McClanahan na wenzake walichapisha mwaka wa 2007 kuhusu mbuga za Kenya ulionyesha kuwa uzito wa samaki katika mwamba uliofungwa huhitaji takriban miaka 20 kufikia kilele. Kijana aliyeanza uvuvi akiwa na miaka 15 atakuwa na miaka 35 wakati huo, na watoto wa kusomesha.

Mbuga ya Mombasa ni kielelezo kizuri. Ilitangazwa mwaka wa 1986, lakini uvuvi haukukomeshwa ndani yake hadi mapema miaka ya 1990. Baadaye, wavuvi waliobaki kando yake walipata samaki wengi zaidi kwa kila mmoja. Lakini jumla ya samaki walioletwa ufuoni ilipungua, kwani sehemu kubwa ya bahari ilikuwa imefungwa na wavuvi wengi walikuwa wameondoka. Wapigadebe wa uhifadhi huisoma kwa sauti takwimu ya kwanza na kuipitia mbio ya pili. McClanahan mwenyewe alizichapisha zote mbili.

Suala la juya ni gumu zaidi. Wavu huo hukokotwa hadi ufuoni na kuzoa samaki wadogo pamoja na wakubwa. Serikali iliupiga marufuku mwaka wa 2001, na utafiti umeonyesha kuwa mapato ya wavuvi yalikuwa bora palipoondolewa. Mbona basi juya halijatoweka? Aghalabu mwenye wavu ni mtu mwenye mtaji. Wakokotaji ni vijana wasio na mtumbwi wala lema, wanaolipwa kwa fungu la samaki. Marufuku humfikia mkokotaji kabla ya kumfikia mwenye wavu, na faida ya kesho haichemshi sufuria ya leo.

Serikali ilipotangaza hifadhi ya bahari ya Diani-Chale mwaka wa 1995, wavuvi waliipinga na haikutekelezwa. Huko Kuruwitu, Kilifi, mambo yalikuwa kinyume: wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao katikati ya miaka ya 2000, wakaiita tengefu, na mwaka wa 2017 wakatuzwa na Umoja wa Mataifa. Samaki hajui ni nani aliyetia sahihi amri. Mvuvi anajua.

Katikati ya kufunga na kuacha kuna njia ambayo, kwa maoni yangu, haijapewa uzito unaostahili. Ni lema lenye upenyo mwembamba ubavuni, unaowaruhusu samaki wadogo na wale wembamba wasio na bei kutoka. Utafiti wa Emmanuel Mbaru na McClanahan, uliochapishwa mwaka wa 2013, uligundua kuwa malema hayo yalinasa samaki wakubwa zaidi na kuongeza mapato. Hapa mvuvi haombwi angoje miaka 20.

Lakini bei ndiyo itakayoamua, na bei hupangwa pia Nairobi. Mkahawa unaotaka samaki wa kutosha sahani moja humwagiza mchuuzi tafi wadogo, mchuuzi humpigia simu dalali wa Mombasa, na dalali huteremka ufuoni alfajiri akiwa na pesa taslimu mkononi, wakati juya linapokokotwa.