Bakuli Moja Latosha: Maoni Juu ya Ziara za Makumbusho na Mahali pa Heshima

Miongoni mwa mbinu zinazotajwa katika kila kitabu cha ualimu ni ziara. Kila mwanachuo huiandika katika daftari lake, huieleza vema katika mtihani, kisha huenda shuleni akaifanya kwa namna isiyowafaidia watoto. Sisi tunaofundisha mbinu za ufundishaji tumeziona ziara nyingi. Basi hukodiwa alfajiri, nyimbo huimbwa njia nzima, watoto mia moja huingizwa katika makumbusho kwa kusukumana na kutolewa baada ya nusu saa, na mwisho kila mmoja hupewa soda na andazi. Wakirudi darasani wakaulizwa walichokiona, hutaja soda. Makala haya yanakusudia kutoa maoni yetu juu ya jambo hilo. Tunawaomba wanachuo wayapime, wayapinge panapostahili, na kuyatumia yatakayowafaa.

Kuna msemo uliozoeleka tangu zamani katika pwani yetu: itafute elimu hata kama iko China. Aliyeutumia msemo huo alikusudia kusema kwamba elimu haina umbali, maana kwake China ilikuwa kama mwisho wa dunia. Kwa mtoto wa Mchuchuma leo, China si jina la mbali tena. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia sahihi mkataba wa ubia na kampuni ya Sichuan Hongda juu ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, na tangu wakati huo Wachina wamekuwa katika mazungumzo ya wakubwa wilayani Ludewa. Tochi ya nyumbani imetoka China, na chupa ya chai kadhalika. Lakini je, mtoto huyo anawajua Wachina kwa lipi? Anawajua kwa bei ya tochi na kwa maneno ya vijiweni. Hajapata kuitazama kazi ya mikono yao iliyokusudiwa idumu, wala hajui jinsi wanavyowaheshimu wafu wao. Mtu aliyenyimwa maarifa hayo juu ya taifa jingine huwa mwepesi wa kulidharau au wa kulinyenyekea. Yote mawili ni madhara, na shule ya msingi ndiyo inayoweza kuyazuia mapema.

Mtu atasema: mpelekeni basi akaone hekalu la Kichina na jumba la sanaa. Hekalu la Mbingu la Beijing, lililokamilishwa mwaka 1420, mtoto wetu ataliona katika picha tu, na picha si haba. Hata hivyo, hatuna sababu ya kukaa tukingoja safari ya Beijing. Nchini mwetu mna mahali ambapo heshima ya wafu na sanaa ya Kichina vimekutana, na pengine vimekutana katika kaburi moja.

Mahali hapo ni magofu ya pwani. Huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na Kaole karibu na Bagamoyo, wazee wa Kiswahili waliwajengea watu wao makaburi yenye nguzo ndefu za mawe na chokaa. Katika nguzo na kuta za makaburi ya namna hiyo walipachika mabakuli na sahani za kauri, nyingi zikiwa zimetoka China kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Vyombo vya China vya enzi ya Ming, yaani kati ya miaka 1368 na 1644, vimepatikana katika magofu mengi ya mwambao. Waliozikwa pale walikuwa Waislamu, na bakuli limefinyangwa na mtu ambaye huenda hakupata kuusikia Uislamu. Lakini wafiwa waliona kwamba chombo kizuri kutoka mbali chafaa kumpamba marehemu wao. Somo gani la uraia lingelipita hilo?

Mabakuli mengi hayapo tena. Yamebanduliwa na watu, na palipokuwa na bakuli pamebaki shimo la mviringo. Kwa maoni yetu, shimo hilo ni zana bora ya kufundishia kuliko maelezo ya saa nzima. Mweke mtoto mbele yake, unyamaze. Baada ya kitambo atauliza: hapa palikuwa na nini? Nani alikitoa? Alikipeleka wapi? Akiisha kuuliza hivyo, mtoto huyo ameanza kusoma historia, na kazi ya mwalimu imekuwa nyepesi. Sehemu ya jibu ataipata katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jijini Dar es Salaam, ambako vimewekwa vitu vilivyofukuliwa Kilwa, vikiwamo vyombo vya kauri vya China. Jengo la kwanza la makumbusho hayo lilifunguliwa mwaka 1940. Ndani yake mna mambo mengi, tangu mabaki ya binadamu wa kale mpaka historia ya ukoloni, na hapo ndipo walimu wengi hupotea. Hutaka kuonyesha vyote. Ushauri wetu ni kwamba mwalimu achague kitu kimoja, akijue, na awaache watoto wakae nacho. Bakuli moja latosha. Wapewe penseli walichore. Wahesabu rangi zake. Watafute lilipovunjika. Atakayechora bakuli kwa robo saa hatalisahau, na aliyepita mbele ya vitu mia tatu mbiombio hatakumbuka hata kimoja.

Jambo la pili tunalolishauri ni kwamba ziara ya namna hii ifanywe, kila iwezekanapo, kama siku ya familia badala ya msafara wa shule nzima. Zipo sababu tatu. Kwanza, safari ya shule kutoka Njombe hadi Dar es Salaam ni ya gharama, na mchango wa safari huwagawa watoto. Mwenye uwezo hupanda basi. Asiye na uwezo hubaki akifagia uwanja, na siku ya pili hukaa katika somo asiloweza kulichangia. Mbinu inayomwadhibu mtoto kwa umaskini wa wazazi wake haistahili kuitwa mbinu. Pili, familia nyingi husafiri zenyewe wakati wa likizo kwenda kuwaona ndugu, na mwalimu akiwapa karatasi yenye maswali matatu watoto watakaosafiri, huleta darasani macho ya wachache kwa faida ya wote. Tatu, mtoto hutazama kwa kumwiga mkubwa wake. Baba akisimama mbele ya kitu, mwanawe husimama. Bibi akisema, "Chungu hiki kimechomwa vizuri," mjukuu husogea kutazama.

Siku kama hiyo jijini ingeweza kuanzia Gongo la Mboto. Huko yako makaburi ya wataalamu wa China waliofariki wakiwa kazini nchini, wengi wao wakiwa wajenzi wa reli ya TAZARA. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilianza kujengwa mwaka 1970, ikamalizika mwaka 1975, na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ilijengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China, na Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha yao katika kazi hiyo, mbali ya Watanzania na Wazambia waliokufa pia. Kila mwaka, mapema mwezi wa Aprili, Wachina husafisha makaburi ya wazee wao na kuwakumbuka. Ni desturi yao ya miaka mingi. Mtoto akielezwa hivyo atajibu kwamba hata kwao makaburi hufyekwa na kupaliliwa. Amekwisha kuuvuka mpaka bila kuhubiriwa.

Hapa tutakutana na pingamizi la kweli, ambalo mwalimu kijana asilidharau. Wako wazazi watakaosema kwamba kumpeleka mtoto katika makaburi, hekalu au msikiti wa watu wengine ni kumfunza dini ngeni. Mzazi huyo asichekwe. Aitwe kabla ya safari, aambiwe kitakachotazamwa na kisichofanywa: hakuna sala itakayosaliwa, wala ubani utakaochomwa. Watoto watanyamaza, watavua viatu panapotakiwa, watasimama pale watakapoonyeshwa na wenyeji, na watauliza maswali wakiisha kutoka nje. Kuiheshimu ibada ya mwenzako si kuiingia. Naye mzazi akiendelea kukataa, mtoto wake apewe kazi nyingine yenye uzito ule ule, asitengwe.

Pingamizi jingine ni la umbali, na hili ndilo litakalowahusu wengi wa wasomaji wetu watakaopangiwa shule za Ludewa, Njombe na Makambako. Watauliza: Kunduchi iko wapi, na sisi tuko wapi? Jibu letu ni kwamba ziara nzuri huanzia karibu, na hata ikiishia karibu imetimia.

Tuanze na stesheni ya Makambako. Mwalimu aombe ruhusa kwa mkuu wa stesheni, awaonye watoto wasikanyage njia ya reli, kisha wapime picha ya reli kwa akili zao. Upana kati ya vyuma viwili vya TAZARA ni milimita 1,067, na ule wa Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000. Darasa la nne litoe hesabu ya tofauti, kisha lijibu: je, behewa la huku laweza kupita kule bila kubadilishwa magurudumu? Hilo ni somo la hesabu, jiografia na siasa kwa pamoja. Kisha watazame upande wa mashariki, ambako reli hupanda kutoka bonde la Kilombero kuja nyanda za juu. Sehemu ile ya kati ya Mlimba na Makambako ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kwa wajenzi, nayo ndiyo yenye mahandaki mengi. Wazee walioshuhudia ujenzi huo miaka ya 1970 bado wamo katika miji na vijiji. Mzee mmoja akialikwa kuzungumza na watoto papo hapo stesheni, thamani yake ni kubwa kuliko vibao vingi vya makumbusho.

Naye mwalimu wa Mchuchuma, ambaye hata Makambako kwake ni safari, asikate tamaa. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Ludewa na Kyela, wako Wakisi, ambao wanawake wao wanasifika kwa ufinyanzi. Kila mtoto anaweza kuomba nyumbani kwao chungu kimoja na kikombe kimoja cha kauri kutoka dukani. Viwekwe mezani pamoja. Vigongwe taratibu kwa ukucha: kimoja hulia kwa sauti nzito, kingine kwa sauti kali. Vimwagiwe maji kidogo: chungu kisichopakwa rangi ya kung'aa hunyonya unyevu, kauri hainyonyi. Kwa nini? Kwa sababu ya udongo na moto. Chungu huchomwa juu ya ardhi kwa kuni na nyasi, katika joto lisilofika nyuzi 1,000. Kauri huhitaji udongo mweupe uitwao kaolini na tanuri la joto la nyuzi 1,300 hivi. Jina la kaolini limetoka katika kilima cha Gaoling huko China, na udongo wa jinsi hiyo umo kwa wingi katika vilima vya Pugu, mwendo mfupi kutoka yale makaburi ya Gongo la Mboto. Hapo mtoto wa Mchuchuma atauliza swali ambalo sisi wakubwa hatuna budi kulijibu: ikiwa udongo tunao, na makaa ya mawe ya kuwashia tanuri yako chini ya kilima chetu, kwa nini kikombe hiki kimetoka mbali? Mwalimu asilikwepe swali hilo wala asilijibu kwa haraka. Aliandike ubaoni, aliache hapo juma zima.

Kwa hiyo, tunawashauri wanachuo watakaokwenda katika mazoezi ya kufundisha wajipange hivi. Kabla ya ziara, mwalimu aende peke yake akachague kitu kimoja, na awape wazazi habari. Wakati wa ziara, aseme machache na kuwapa watoto muda wa kuchora. Baada ya ziara, somo la kwanza liwe la maswali ya watoto wenyewe, wakiwamo wale ambao hawakusafiri, nao wawe na chungu chao mezani. Mwisho ajipime kwa kipimo kimoja tu: watoto wangapi wamerudi na swali ambalo hawakuwa nalo walipoondoka? Ikiwa ni watatu, ziara imefaa, na watatu hao watawaambukiza wengine. Ikiwa hakuna hata mmoja, basi fedha za watu zimeliwa na barabara, na safari ijayo afadhali abaki shuleni na chungu kimoja mezani.