Gari haikufia njiani, ilifia nyumbani

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo sina habari ya mkutano wala ya mapigano. Leo nagombana na mashofere wetu, na wenye magari, na hata na sisi abiria. Kila siku tunasikia: «gari imekufa njiani.» Mimi nasema ni uongo. Gari nyingi zinafia nyumbani, kwenye parsele, asubuhi, mbele ya macho ya mtu ambaye hakutaka kufungua kapo.

Mwezi uliopita nilipanda taksi-busi kutoka Butembo kuelekea Beni. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Karibu nami alikaa mama mmoja mhami, aliyekimbia upande wa Kanyabayonga na watoto wake wanne. Alikuwa anaenda kwa kaka yake. Ilipofika saa kumi na moja jioni, tukiwa tumepita kidogo Maboya, moshi mweupe ukatoka mbele na gari ikasimama.

Kwa mtu asiyejua Maboya, nimkumbushe: ni pale ambapo usiku mmoja wa Oktoba 2022 watu waliuawa na hospitali ikachomwa. Hakuna anayependa kukaa barabarani pale giza likiingia. Kila pikipiki iliyopita, mama yule aliwavuta watoto kwake.

Konvoyeri akafungua kifuniko cha radiateri na kitambaa mkononi. Maji yakaruka, yakamchoma mkono wote. Tulingoja masaa matatu. Mwishoni tukaona ubaya wenyewe: kibanio cha tiyo ya chini ya radiateri kilikuwa kimelegea. Kilihitaji kukazwa na turnevisi, basi. Nikamuuliza shofere kama hakuona kitu mbele ya siku ile. Akajibu bila haya: «Ni siku tatu naongeza maji kila asubuhi.»

Siku tatu! Gari ilimwambia mara tatu, yeye akainywesha maji na kunyamaza. Radiateri haili maji. Ni mzunguko uliofungwa. Kama maji yanapunguka kila siku, yanatoka mahali fulani: ama chini, ukaona unyevu kwenye udongo, ama ndani ya motere, ukaona moshi mweupe usioisha hata motere ikipata moto, au mafuta ya motere yakageuka rangi kama chai ya maziwa. La kwanza unaweza kulitengeneza nyumbani. La pili ni jointi ya kilasi, na gari hiyo haina ruhusa ya kubeba mtoto wa mtu.

Najua jibu: «Mimi ni shofere, si mekanisie.» Mama anayepika si daktari, lakini anajua mtoto ana homa. Asubuhi, motere ikiwa baridi, dakika kumi zinatosha. Tazama chini ya gari kama kuna tone. Vuta kijiti cha mafuta ya motere. Tazama maji. Tazama likidi ya freni: ikiwa imeshuka, usijaze tu na kuondoka, maana ama plaketi zimeisha, ama kuna mahali panavuja. Na usitie humo mafuta ya motere hata siku moja, yanaharibu mipira ya ndani na freni zinaisha. Zunguka mapine manne. Hiyo si kazi ya garaje. Ni kazi ya mtu anayepokea pesa ya abiria.

Ugonjwa wa pili ni kubahatisha. Gari haiwaki, kila mtu anasema «batiri!» na batiri mpya inanunuliwa, ambayo kwa wengi ni minervali ya mtoto wa sekondari. Kisha keshokutwa gari haiwaki tena. Jaribu kwanza, halafu ununue. Washa taa kubwa, zungusha ufunguo. Taa zikififia sana na motere ikasema tak-tak, batiri ni dhaifu au vichwa vyake vina uchafu. Vitoe, ukianza na kile cha alama ya kutoa, visugue kwa brosi, uvirudishe na kuvikaza, kile cha kutoa kiwe cha mwisho. Mara nyingi shida inaishia hapo. Taa zikibaki zinang'aa na motere iko kimya, tafuta kwenye demareri na waya zake. Na kama motere inazunguka vizuri lakini haishiki, acha batiri ya watu: tafuta esansi au moto wa buji.

Kama una testeri ndogo ya volti, ni bora zaidi. Batiri nzima iliyolala usiku inaonyesha karibu 12,6. Motere ikizunguka, inapaswa kupanda kati ya 13,8 na 14,4. Isipopanda, mkosaji ni alternateri au mkanda wake. Hapo batiri mpya utaiua kama ulivyoua ya zamani.

Ugonjwa wa tatu ni ufundi wa kukata. Gari inapata moto, mtu anakuja anatoa termostati na kuitupa, anasema «huku Afrika haina kazi.» Ina kazi. Bila hiyo motere inachelewa kufikia joto lake, inakula esansi zaidi na kuchakaa upesi, na ubaya wa kweli unabaki umejificha: ventilateri isiyozunguka, radiateri iliyoziba matope, kifuniko kilichokufa. Kifuniko hicho si mapambo. Kinabana maji ili yasichemke upesi. Na sisi tuko mlimani: kwenye urefu wa Butembo maji ya wazi yanachemka karibu na digrii 94, si 100. Kifuniko kibovu kinatuumiza kuliko mtu wa pwani.

Sasa nifike kwa jambo linalonikasirisha kuliko yote: kushuka mlima vitesi imetolewa, «ili kulinda esansi.» Wengine wanazima hata motere. Rafiki yangu, motere ikizimwa, nguvu inayosaidia freni inakwisha nyuma ya kukanyaga mara mbili tatu, na usukani unakuwa mzito. Hata isipozimwa, freni zinabeba uzito wote peke yake, zinapata moto, na pedali inashuka hadi chini bila kukamata. Na hiyo esansi? Gari za injeksioni, ukishuka ndani ya vitesi bila kukanyaga gazi, zinakata esansi zenyewe. Ukitoa vitesi, lazima zinywe ili zisizimike. Kumbe unahatarisha watu kumi na mmoja ili upate hasara.

Sitaki kuwaonea mashofere tu. Kuna wenye magari wanaokaa nyumbani wakingoja pesa ya jioni. Shofere akisema «freni zinalia,» wanajibu «maliza kwanza wiki.» Chuma kikianza kusaga chuma, plaketi zimekwisha na diski inaliwa. Wiki ile moja itakudai plaketi na diski pamoja, kama Mungu amesaidia isidai roho ya mtu. Hilo si biashara. Ni kamari, na pesa inayochezwa si yako.

Wengine watasema namfukuza mekanisie kazini. Hapana. Freni, usukani, na kila kitu cha kuingia chini ya gari, mpelekee fundi anayejua. Usilale chini ya gari iliyoinuliwa na jeki peke yake. Usiache motere ikizunguka ndani ya garaje iliyofungwa, ndani ya moshi wake kuna gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Na radiateri ya moto, ngoja nusu saa au zaidi, kifuniko kipoe mkononi. Mekanisie mzuri anafurahi ukimletea gari ukisema «maji yanapunguka, upande wa kushoto, tangu jumatatu.» Anayekasirika ni yule anayekula kwa kukubahatisha.

Na ninyi ndugu zetu wahami, ninyi ndio hamna njia ya kuchagua, mnapanda gari yoyote inayokubali vitu vyenu. Bado mna macho. Mbele ya kulipa, zungukeni gari. Pine imeonyesha nyuzi? Kuna maji yanadondoka chini? Kuna moshi wa bluu nyuma? Ulizeni kwa sauti, mbele ya abiria wote: «Shofere, umetazama maji na freni leo?» Asiye na jibu ataona haya, na haya inafungua kapo nyingi.

Mama yule alifika Beni usiku, watoto wamelala begani na mgongoni. Hakumlaumu mtu. Alisema tu «tumshukuru Mungu.» Tumshukuru, ndiyo. Lakini turnevisi ilikuwa ndani ya gari tangu asubuhi.