Jumla haiandikwi, huhesabiwa

Juzi nilikuwa Bungoma nikikipangia ripoti chama kimoja cha uwekezaji chenye tawi jingine Kitale. Hisa za Safaricom ambazo tawi la Kitale lilinunua mwaka 2008, shilingi 5 kila moja, zilihesabiwa mara mbili: mweka hazina aliziingiza kwenye tawi, kisha akaandika jumla yake kwenye akaunti kuu. Mwanachama aliyekuwa anajitoa angelipwa pesa za wenzake!

Maoni yangu: mali iandikwe mara moja tu, kwenye tawi linaloimiliki. Akaunti kuu iwe mzazi wa matawi, isiwe na mali yake. Kujumlisha iachiwe programu. Jumla ya mkono haina habari hata hisa zikiuzwa kesho.

Nyie mnaonaje?