Kabuki hata kwa watoto inafaa

Mwandishi, hapo uliposema kwenye makala yako kwamba kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, haiwafai watoto kwa kuwa ni ndefu mno, sikubaliani nawe. Ukumbi wa Kabukiza kule Ginza, Tokyo, huuza tiketi za sehemu moja tu ya onyesho, viti vya ghorofa ya nne, kwa bei nafuu. Wifi yangu wa Tokyo ndiye aliyetupeleka, na binti yangu hakubandua macho jukwaani, hasa mwigizaji alipoganda ghafla na watazamaji wakapaza sauti kumwita kwa jina la ukoo wake wa sanaa. Na wewe ndugu uliyetoa maoni hapo juu ukisema ni sanaa ya wanaume tangu mwanzo, hapana! Aliyeianzisha Kyoto mnamo 1603 ni mwanamke, Okuni, anayesemekana alikuwa mhudumu wa hekalu la Izumo. Wanawake walipigwa marufuku jukwaani baadaye, 1629. Wasimulieni mabinti zenu hilo kabla hamjaingia ukumbini.