Usiache chapati kabla ya kupimwa damu

Najua umeziona hizo video. Kijana mwenye misuli amesimama jikoni kwake, anakwambia utupe mkate na chapati leo, na baada ya wiki mbili tumbo litakuwa limelala na ngozi inang'aa. Pengine hata umeshaanza. Hebu simama kidogo. Ikiwa tumbo lako hufura kila ukila ngano, unaendesha mara kwa mara, na kila ukipimwa unaambiwa damu imepungua bila mtu kujua inaenda wapi, basi kuacha chapati kabla ya kupimwa ni kosa litakalokusumbua baadaye.

Nasema hivi kwa sababu nililifanya.

Kwa karibu miaka mitatu nilikuwa mteja wa kudumu wa zahanati za mtaani. Mara ya kwanza niliambiwa ni amiba, nikapewa vidonge. Mara ya pili ikawa taifodi. Halafu vidonda vya tumbo, niache pilipili na nipunguze mawazo. Mama naye akaongeza dawa ya minyoo juu yake. Kila mara nilipata nafuu ya siku chache, kwa sababu nyumbani kwetu mtu anayeendesha hupewa uji wa wimbi na wali mweupe. Nikishapona narudi kibandani kwa chapo madondo, na mambo yanaanza upya. Hakuna aliyeunganisha hayo mawili, hata mimi.

Mwishowe rafiki yangu akanitumia mojawapo ya hizo video, nikaacha ngano, na kweli nikapata nafuu. Nilijiona nimejitibu. Miezi minne baadaye, shangazi alinilazimisha kwenda kwa daktari wa tumbo kwa sababu bado nilikuwa na upungufu wa damu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwa sasa unakula mkate?" Nikamjibu kwa fahari kwamba niliacha. Akaweka kalamu chini. "Basi nikikupima leo, kipimo hakitaniambia kitu."

Mambo yako hivi. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri, na nafaka ya rai ambayo hapa kwetu ni nadra. Utumbo mwembamba una vinyuzi vidogo sana, kama manyoya ya zulia, ambavyo hufyonza chakula. Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki akila gluteni, kinga yake ya mwili huushambulia utumbo wake mwenyewe, na vinyuzi hivyo hunyauka vikalala. Unakula vizuri lakini madini ya chuma yanapita tu. Ndiyo maana kuna watu wenye siliaki ambao tumbo haliwasumbui kabisa, ila wana upungufu wa damu usioisha, mifupa dhaifu, au mimba zinazotoka.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Maabara hutafuta kingamwili zinazoitwa tTG-IgA, na daktari makini huagiza pia kiwango cha IgA yote, maana kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha na majibu huwadanganya kwamba wako sawa. Damu ikionyesha dalili, kamera nyembamba hupitishwa kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vipande vidogo huchukuliwa vikachunguzwe kwa darubini. Sasa shida ndiyo hii: ukiacha gluteni, kingamwili hizo hushuka polepole na utumbo huanza kupona. Ushahidi unapotea. Ili kupimwa, mimi ilibidi nirudie kula mkate kila siku kwa wiki sita chini ya uangalizi wa daktari. Wiki sita za kula kile kinachokuumiza, huku unaenda kazini kwa matatu. Wazia foleni ya Thika Road saa moja asubuhi na tumbo la aina hiyo.

Utauliza, kama umeacha na unajisikia poa, kipimo ni cha nini? Kwanza, huenda si siliaki. Maziwa hufurisha tumbo la watu wengi, na kuna magonjwa mengine ya utumbo ambayo yataendelea kukutafuna huku wewe ukilaumu mkate. Pia, anayeacha ngano kwa sababu ya video hudanganya kidogo wikendi, na kwake si hoja. Mwenye siliaki hana ruhusa hiyo, hata ya makombo, maisha yake yote. Hakuna anayeweza kushika sharti kama hilo miaka 40 kwa kubahatisha. Halafu kuna familia yako. Ugonjwa huu hurithiwa, na ukithibitishwa kuwa nao, wazazi, ndugu na watoto wako wana hatari kubwa kuliko watu wengine, hivyo nao wanafaa kupimwa.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu. Niliambiwa hivyo na mhudumu wa afya, tena huku anacheka. Inakadiriwa kwamba duniani mtu mmoja kati ya 100 anao, na miongoni mwa jamii zilizopatikana na kiwango cha juu zaidi ni Wasahrawi wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu: utafiti wa miaka ya 1990 uliona zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wakiwa nao. Anayeuona ugonjwa ni yule anayeutafuta.

Tiba yenyewe haina kidonge wala sindano. Ni chakula. Na hapa, ndugu yangu, Mkenya ana bahati ambayo hawezi kuiona akiwa anafuata watu wa Marekani mtandaoni. Wao wananunua mkate wa unga maalumu kwa bei ya kutisha. Wewe una ugali, githeri, mukimo, wali, ndengu, nduma, viazi vitamu, mihogo, matoke, omena, sukuma. Wimbi na mtama havina gluteni. Mkate huo wa bei kwenye supamaketi niliununua mara moja, ukawa kama sifongo, nikarudia nduma zangu.

Shida si chakula chetu, ni jinsi kinavyochanganyika. Unga wa uji uliochanganywa huweza kuwa na ngano. Posho mill inaweza kuwa imetoka kusaga ngano ya mtu mwingine. Smokie na soseji mara nyingi hutiwa unga. Viazi karai hupakwa ngano, na mafuta yaliyokaanga mandazi asubuhi ndiyo yanayokaanga chips mchana. Vikolezo vya mchuzi na soya sosi, soma pakiti. Bia nyingi hutengenezwa kwa shayiri. Kama ni Mkatoliki, ongea na padri wako: hostia ni ya ngano, lakini zipo zenye gluteni kidogo sana ambazo Kanisa linakubali. Na usishangae chai ya maziwa ikikukataa miezi ya kwanza. Utumbo ulioumia hushindwa kusaga sukari ya maziwa, na kwa wengi hali hiyo hurekebika kadiri unavyopona. Nguvu hurudi baada ya wiki chache, lakini utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua mwaka, hata zaidi ya miwili.

Gumu zaidi ni watu. Krismasi ya kwanza baada ya majibu, shosho aliniwekea chapati nne kwenye sahani, nikakataa. Kimya kikatanda. Mjomba akasema siku hizi nimekuwa mzungu. Niliwaeleza mambo ya kingamwili na vinyuzi, wakaniangalia tu. Siku iliyofuata nilimketisha shosho jikoni nikamwambia, "Shosho, ngano inanifanya nipoteze damu." Hilo alilielewa mara moja. Tangu hapo sufuria yangu huoshwa kwanza na mwiko wangu hauguswi, na mjomba akifungua mdomo, shosho ndiye humjibu.

Dada yangu mdogo naye ameanza kulalamika tumbo. Anapimwa mwezi ujao. Kwa sasa nimemkataza kuacha ngano, na kila jioni mimi ndiye ninayemnunulia chapati mbili pale kwa mama wa kibanda, zimefungwa peke yake kwenye gazeti.